Mgongo Unaouma na Moyo Unaoogopa

Safari hii twataka kusema juu ya ugonjwa usioleta matanga, na kwa hiyo watu wauzoea kama wauzoeavyo mvua: maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Huku kwetu Kibombo hayahitaji kutambulishwa. Reli ya kutoka Kindu hata Kongolo ilimalizika mwaka 1911, lakini mchele, mihogo na mawese hayaendi stesheni kwa miguu yao. Hubebwa kichwani na mgongoni, au husukumwa juu ya baiskeli katika njia za matope. Ni nyumba gani ambayo hajapatikana mtu wa kusema, "Kiuno chanikata"?

Wala si sisi peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa mgongo ulimwenguni, na hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi hivi wasifanye shughuli zao. Tena, katika wagonjwa kumi wa namna hii, karibu tisa hawaonekani kuwa na mfupa uliovunjika, wala uvimbe, wala kidonda ambacho mganga aweza kukionyesha kwa kidole na kusema, "Chanzo ni hiki." Neno hili huwaudhi wengi. Mgonjwa husema moyoni, "Basi mimi mwongo?" La, hasha. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Lililo gumu ni kufahamu yatoka wapi.

Twadhani sote kwamba maumivu hukaa pale pale panapouma, kama maji yakaavyo ndani ya mtungi. Sivyo. Mgongo hupeleka habari tu, kwa njia ya mishipa ya fahamu, na ubongo ndio unaoamua kama habari hiyo itasikika kuwa maumivu, na kwa ukali gani. Mwaka 1946 mganga Mmarekani, Henry Beecher, aliandika juu ya askari aliowatibu katika vita vya Italia. Wengi wao walikuwa na majeraha ya kutisha, lakini hawakuomba dawa ya kutuliza. Kwao jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka, kurudi nyumbani. Baadaye, mwaka 1965, wataalamu wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama mlango, ambao waweza kufunguka au kufungwa, na kwamba ubongo nao una mkono katika kuufungua.

Nyama na mishipa ya mgongo iliyoteguka kwa kuinua mzigo, kwa kawaida hupona kabla ya miezi mitatu kupita. Mbona basi maumivu hubaki mwaka mzima? Wazee wetu walikwisha kusema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ubongo uliokwisha kuumizwa hujifunza kushtuka. Mtu akiinama kidogo, kengele hulia kana kwamba hatari ipo. Naye mtu huogopa. Akiogopa hukaza misuli. Tena huacha kutembea, huacha shamba, hulala mchana kutwa. Misuli hulegea, usingizi wa usiku hupotea, na siku anapojaribu kusimama, uchungu ni mkali kuliko jana. Hapo ajiona ana haki ya kuogopa zaidi. Ongeza juu yake majonzi ya kufiwa, madeni, au kumbukumbu za vita ambazo Maniema haikukosa, na kengele haitanyamaza.

Hata picha za mgongo zaweza kupotosha. Mwaka 1994 waganga wa Marekani walichapisha habari za watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, waliopigwa picha kwa mashine kubwa ya sumaku. Katika mia, 36 tu walikuwa na uti wa mgongo usio na kasoro katika vile visahani vilivyo kati ya mifupa. Wengine walikuwa na kasoro, nao walikuwa wakienda kazini kwao bila kujua.

Lakini twataka kukaza neno moja. Katika vijiji vyetu, maumivu yasiyo na chanzo kinachoonekana hutafutiwa mtu. Husemwa kwamba jirani ametega kitu, au kwamba bibi kizee wa upande wa pili ana jicho baya. Twajua nyumba zilizovunjika kwa sababu ya kiuno. Mgonjwa hakupona, na bibi kizee alikosa mahali pa kulala. Nani aliyepata faida?

Huko Boulder, Marekani, watu 151 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi walifanyiwa majaribio, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Hamsini kati yao walifundishwa kwa mazungumzo, majuma manne, kwamba mgongo wao hauko hatarini, na wakazoezwa kutembea na kuinama pasipo hofu. Thuluthi mbili zao walipona au karibu kupona. Katika wale walioendelea na matibabu yao ya kawaida, mmoja tu kwa kumi. Ni kweli kwamba hao hawakubeba mihogo. Hata hivyo, mashauri ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yafuata njia iyo hiyo: kumweleza mgonjwa hali yake, mazoezi ya mwili, na msaada wa mawazo, wala hayasifu mikanda ya kufunga kiuno, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Basi aliye mgonjwa na aanze na kidogo: atembee hata kwa jirani na kurudi, kila siku, siku njema na siku mbaya, kisha aongeze polepole. Lakini asingoje nyumbani mwenye homa au anayekonda, mwenye miguu inayokufa ganzi au kuishiwa nguvu, asiyeweza kuzuia mkojo au choo, au aliyeanguka kutoka mchikichini. Huyu apelekwe kwa mganga upesi, kwa maana kifua kikuu chaweza kuingia hata katika uti wa mgongo, na hicho hakiponi kwa mazungumzo.

Kuna waume watakaosoma haya na kusema, "Mama Fulani, ni woga wako tu, chukua kikapu." Hao twawapa hesabu hii. Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wenye kubeba kichwani na Wakikuyu wenye kubeba kwa ukanda wa kipaji. Waliweza kuchukua sehemu moja kwa tano ya uzito wao pasipo kuongeza nguvu. Kilichozidi hapo kiliwachosha. Kwa mama wa kilo 50, hiyo ni kilo 10. Kikapu cha mihogo kitokacho shambani kina kilo ngapi, na baiskeli ya nyumbani inaendeshwa na nani?