Kontra inaisha, mbwa anabaki

Kila mara kontra zinapoisha kwa wingi, tunaona kitu kilekile katika kartie zetu za Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi. Kamio inafika asubuhi. Vitanda vinapakiwa, masufuria, friji, watoto wanapanda juu ya magodoro. Mlango wa lupango unafungwa kwa kufuli. Mbwa anabaki inje. « Atajitafutia », njo vile tunasema. Siku mbili tatu anakaa palepale mbele ya mlango. Kisha njaa inamwondoa, anaanza kuzunguka.

Leo tunaandika juu ya huyo mbwa. Kuko wenye watasema: watu wanakosa maji, bei ya unga inapanda, na gazeti linaongea habari ya mbwa? Ndiyo, tunaongea. Mbwa asiye na mwenyewe haishi peke yake. Anaishi pamoja na watoto wetu, kwenye njia ya masomo, kwenye jalala, pembeni ya soko. Akishikwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ule wenye wengi wetu tunauita raje, mtoto wa jirani njo atalipa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba raje inaua watu karibu 59 000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia. Karibu wote wanaipata kwa kuumwa na mbwa. Kati ya watu 10 wenye kuumwa na mnyama wa kushukiwa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Na alama za ugonjwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kinga yake inajulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9 kule Paris. Imepita zaidi ya miaka 100. Mtoto wa Katanga kufa na raje leo, hiyo si mapenzi ya Mungu. Ni kazi yenye watu wazima hawakufanya.

Tuseme kweli juu ya nini tunachukua mbwa. Wengi wetu tunamchukua juu ya wevi. Baba anafanya poste ya usiku, mama anabaki na watoto, makuta ya kulipa zamu hakuna. Jirani analeta mbwa mdogo, tunampa jina, Simba ao Tigre, tunamfunga mnyororo. Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza wakati tunafikiri mbwa ni kama kufuli: unanunua mara moja, unasahau.

Tupige hesabu kidogo. Sheria ya kazi ya Kongo inasema kontra ya muda maalum haipite miaka 2. Mbwa anayelishwa vizuri anaishi miaka 10, ata 13. Mwenye kuchukua mbwa siku ileile anasaini kontra, anachukua mzigo utakaopita kontra yake mara tano. Tena mbwa jike anabeba mimba siku karibu 63. Anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila mara anatoa watoto 4, 6, ata 8. Lupango moja yenye jike mmoja asiyechungwa inaweza kutoa mbwa zaidi ya 10 kwa mwaka. Wataenda wapi wote hao?

Tunaona kwa televizyo kwamba kule Ulaya mtu akishindwa na mbwa wake, anampeleka kwenye nyumba ya kuhifadhi wanyama. Ni kweli. Ufaransa shirika la kwanza la kulinda wanyama lilianza mwaka wa 1845, na leo sheria yao inaweza kumfunga mwenye kutupa mbwa ata miaka 3, pamoja na faini ya euro 45 000. Lakini ata kule nyumba hizo zinajaa, zaidi miezi ya likizo. Mwenye kuleta mbwa anaambiwa angoje. Mbwa mzee ao mwenye kuuma anaweza kukaa ndani muda mrefu bila mtu wa kumchukua. Kumpeleka pale si kumpa maisha mapya kila mara.

Na kwetu? Lubumbashi kuko makao ya sokwe, wale tunawaita sokomutu, tangu 2006, juu ya watoto wa sokwe walionyanganywa mikononi mwa wauzaji. Kazi nzuri. Lakini mchimbaji wa Kolwezi mwenye kutaka kuacha mbwa wake hana mlango wa namna hiyo wa kubisha. Basi tunafanya nini? Kuko wenye kufunga mlango na kwenda. Kuko wenye kumpakia kwa pikipiki na kumtupa mbali kwenye barabara. Anarudi, ao anaingia katika kundi la mbwa wa jalala. Kuko wenye kumuuzisha kwa watu wa nyama. Hatuhukumu meza ya mtu, lakini mwenye kuchinja mbwa mgonjwa anaweka mikono yake katika mate na ubongo wa mnyama, na ugonjwa unaweza kupitia kidonda kidogo tu cha kidole. Na kuko wenye kutega sumu. Sumu haijui kuchagua. Inaua mbwa, inaua bata wa jirani, na siku moja mtoto anaokota kile kipande cha nyama.

Wakubwa nao, wakishtuka, wanasema tuue mbwa wote wanaozunguka. OMS imeshasema kwamba kuua mbwa ovyo hakumalizi raje. Wengine wanakuja kuchukua nafasi yao, na hao hawana chanjo. Kinachokata ugonjwa ni kuchanja angalau mbwa 70 kwa 100 katika mahali pamoja, na kurudilia chanjo hiyo.

Sasa tuongee kazi yetu sisi wenyewe, mbele ya kulaumu wengine.

Mbele ya kuchukua mbwa, mkae bibi na bwana, mjiulize: nani atamlisha siku baba yuko kwa poste? Bukari inabaki kila siku, ao tunajidanganya? Nani atalipa sindano? Tukihama, ataenda kwa nani? Kama hakuna jibu kwa swali la mwisho, msimchukue. Mwambieni jirani aksanti, lakini hapana. Kukataa mbwa mdogo si roho mbaya. Roho mbaya ni kumkubali leo na kumtupa kesho.

Mkimchukua, akifika miezi 3 mpelekeni kwa munganga wa nyama apate chanjo ya raje, kisha kila mwaka. Chungeni karatasi yake kama mnavyochunga karatasi za watoto. Mbwa wa mnyororo apate maji, kivuli, na saa ya kufunguliwa ndani ya lupango. Mbwa aliyefungwa mchana na usiku hawi zamu mzuri. Anakuwa mwenye kuuma kila mtu, ata mtoto wa nyumba. Jike mfungieni wakati wake, ao muulize munganga juu ya kumfunga kizazi. Na wafundisheni watoto wasiguse mbwa anayekula, anayelala ao anayenyonyesha.

Siku ya kuhama inajulikana mbele. Kontra ina tarehe. Familia zinazohamishwa juu ya machimbo nazo zinajua mapema: watu wanakuja kuhesabu nyumba, miti ya maembe na mashamba, lakini juu ya mbwa hakuna anayeuliza. Basi tujiulize wenyewe. Miezi 2 mbele ya safari, tafuteni mtu ambaye mbwa anamzoea. Aje ampe chakula mara kadhaa. Mpeni mbwa pamoja na karatasi ya chanjo, kamba yake na sahani yake. Semeni ukweli: anauma, hapendi pikipiki, aliua kuku wa jirani. Mwenye kuficha anapanga mbwa huyo atupwe mara ya pili. Siku za kwanza mbwa atalia, atakataa kula, atatafuta njia ya kurudi. Hiyo inapita, kama mtu mpya ana uvumilivu. Na kama mbwa amezeeka ao anaumwa hata hakuna wa kumchukua, munganga wa nyama amlaze kwa sindano. Inauma, lakini ni afadhali kuliko mawe na njaa.

Na mtu akiumwa? Hapa tunaomba msomaji akate sehemu hii ya gazeti, aibandike kwa ukuta. Osheni kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima. Musitie pilipili, musitie mafuta, musitie asidi ya batiri. Kisha mwende hospitali siku ileile, ata kama kidonda ni kidogo. Musingoje kuona kama mbwa atakufa. Raje inaweza kujificha katika mwili miezi 2 ao 3, pengine mwaka, mbele ya kuonekana, na siku inaonekana dawa haisaidie tena. Sindano si moja, ni kadhaa kwa siku mbalimbali. Musiachie njiani. Mbwa mwenyewe, kama inawezekana bila hatari, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Ni vizuri pia kila familia iulize sasa, wakati hakuna shida, ni hospitali gani ya zone yao ya afya ina chanjo hiyo. Usiku wa ajali si saa ya kuanza kuzunguka.

Mwisho, neno kwa wakubwa. Kode ya mines iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kila kampani itoe angalau 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na machimbo. Makuta hayo yanajenga masomo na visima, na ni vizuri. Lakini wakati wajumbe wa kartie wanakaa kuandika mahitaji yao, tunawaomba waongeze mstari mmoja: chanjo ya mbwa kila mwaka, bila malipo, lupango kwa lupango, na chanjo ya watu katika hospitali ya karibu. Ukilinganisha na bei ya kilometa moja ya barabara, si kitu kikubwa. Komine nayo itangaze siku hizo kwa radio na kwa misa, ili kreseri wa kambi za mbali naye alete mbwa wake.

Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka, siku Pasteur alikufa, dunia inakumbuka vita juu ya raje. Tusingoje hotuba za siku hiyo. Wiki hii, kila mwenye mbwa amwangalie, atafute karatasi yake ya chanjo. Kama haiko, anajua kazi yake ya siku ya posho.