Gunia ni kilo ngapi?

Leo nina neno linalotisha, ontolojia, lakini naomba tuanzie kwenye gunia.

Msimu uliopita nilisaidia kikundi cha wakulima hapa Kakamega kuunganisha programu ya ghala lao na ya mnunuzi mmoja. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Faili zikapita, seva zikasalimiana, nikafurahi. Kisha ikaja oda ya magunia 100 ya mahindi. Ghala likapakia kilo 9,000, kwa maana gunia lao ni la kilo 90. Programu ya mnunuzi ilijua gunia la kilo 50 tu, ikatayarisha malipo ya kilo 5,000. Kilo 4,000 za jasho la watu zikapotelea ndani ya neno moja! Wakulima walingoja pesa zao wiki tatu huku sisi tukilumbana ni nani mwenye kosa.

Ukweli ni kwamba kila programu ilifanya ilivyoagizwa. Zilipeana data, hazikupeana maana.

Na gunia ni mwanzo tu. Mahindi yanayotoka Uganda mara nyingi huhesabiwa kwa gunia la kilo 100. Sokoni mama anapima kwa gorogoro. Je, mahindi "makavu"? Kwa mkulima ni punje inayolia ukiiuma. Kwa kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hifadhidata zote mbili zinaandika "makavu", na kompyuta inaamini ni kitu kimoja.

Ontolojia basi ni nini? Ni makubaliano yaliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyasoma: ni vitu gani vipo katika biashara yetu, na vinahusiana vipi. Kwa mfano:

- Gunia-90 ni aina ya kifungashio.
- Gunia-90 hubeba kilo 90.
- Kila shehena ina unyevu uliopimwa, na tarehe ya kupimwa.

Kila mtu anabaki na programu yake na majedwali yake. Anachofanya ni kuyatafsiri mara moja tu kwenda kwenye makubaliano hayo. Piga hesabu: programu 10 zikiunganishwa mbili mbili zinahitaji viunganishi 45. Zikipitia makubaliano ya pamoja, ni 10 tu.

Wala hatuanzi sufuri. Lugha ya OWL ya kuandikia ontolojia iliidhinishwa na W3C mwaka 2004. FAO ina AGROVOC, ambamo kila dhana ya kilimo ina anwani yake ya kudumu mtandaoni. GS1 ina EPCIS, iliyotoka 2007 na kuboreshwa 2022, ya kueleza bidhaa gani ilipita wapi, lini na kwa nini.

Wengine husema, "Si tununue programu moja, wote tuitumie?" Mimi sikubali. Ghala, lori na kinu vina kazi tofauti. Tena mwenye programu hiyo ndiye atakayeamua gunia ni kilo ngapi, na mkulima hatakuwa mezani.

Lakini nakiri, ontolojia nyingi hufa kwa unene. Watu hukaa vikaoni miaka wakitaka kueleza dunia nzima. Tuanze na maneno 20, yale yanayogusa malipo: gunia, uzito, unyevu, daraja, shehena, kupokea, kukataa. Yaandikwe wazi, yasimilikiwe na muuzaji wa programu yeyote.

Kwa hivyo, ndugu mtayarishaji programu, kabla hujagusa kibodi, kaa chini na mkulima, dereva na mwenye kinu. Waulize gunia ni kilo ngapi. Wakikupa majibu matatu, kazi yako inaanzia hapo.