Hakugundua Peke Yake

Mwishoni mwa 1883 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25, alifika kwenye mapango ya Mlima Elgon na kuwakuta watu wakiishi humo pamoja na mifugo yao. Akawauliza ni nani aliyeyachimba. Wakamjibu kwamba hakuna binadamu aliyeyachimba. Ni kazi ya Mungu, kwani wao na zana zao ndogo wangewezaje kuutoboa mwamba kama ule? Jibu hilo halikumridhisha. Katika kitabu alichochapisha 1885 alishikilia kwamba mapango yale yalichimbwa na taifa la kale lililokuja kutafuta madini.

Leo anayetoka Kitale kwenda pango la Kitum, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, ataona ukutani michirizo iliyoachwa na pembe za ndovu. Kwa vizazi vingi ndovu wameingia humo usiku, wakipapasa njia gizani kwa mikonga, wakabandua mwamba wenye chumvi na kuutafuna. Maji yalianza kazi, ndovu wakaipanua. Wenyeji, ambao nao walikuwa wakiwapeleka ng'ombe wao mapangoni kulamba chumvi hiyo hiyo, walikuwa karibu na ukweli kuliko mgeni aliyewahoji. Aliyeingia kwenye vitabu vya shule ni Thomson.

Hapo ndipo ilipo imani inayostahili kung'olewa: kwamba sayansi ni zao la mtu mmoja mwenye ubongo wa ajabu, aliyejifungia peke yake katika nchi ya mbali, hata siku moja akatoka nje na kutangaza kwamba amegundua. Kuanzia Bungoma hadi Trans Nzoia watoto wanakariri hivyo: fulani aligundua hiki, fulani aligundua kile, tia mwaka, funga daftari. Mtoto anayekariri namna hiyo kwa miaka 8 anafikia hitimisho moja tu, nalo ni kwamba elimu hiyo haina mlango wa kuingilia mtu wa kwao.

Imani hiyo ni potofu. Wanaoikanusha kwa nguvu kuliko wote ni wale wale wanaosifiwa nayo, kwa maana barua zao zipo.

Mchukue Charles Darwin. Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Downe, Kent, akaishi hapo hadi alipofariki 1882. Aliugua mara kwa mara, na tangu aliposhuka kutoka meli ya Beagle mwaka 1836 hakuvuka tena bahari. Kwa nje huyu ndiye mwerevu wa upweke hasa. Lakini barua zake zilizosalia, alizoandika na alizopokea, zinafika 15,000 hivi, na waliowasiliana naye wanakaribia 2,000. Wahariri walioanza kuzikusanya mwaka 1974 walihitaji mabuku 30 ili kuzimaliza. Aliwauliza wakulima wa bustani kuhusu kunde, wafugaji kuhusu mbwa na farasi, mabaharia kuhusu mbegu zinazoelea baharini. Alijiunga na vilabu vya wafuga njiwa jijini London, akaketi na mafundi wa kawaida akiwauliza wanachaguaje dume na jike. Kabla ya hayo yote, mwaka 1826 akiwa mwanafunzi Edinburgh, alimlipa John Edmonstone, mtu mweusi aliyetoka utumwani Guyana, amfundishe kukausha na kujaza ngozi za ndege. Ujuzi huo ndio aliopanda nao Beagle.

Hata wazo lake kubwa lilianza kutembea kwa posta. Tarehe 11 Januari 1844 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, kwamba ameanza kuamini kuwa viumbe hubadilika, na akasema kulitamka hilo ni kama kukiri kuwa umeua. Hooker hakumpigia makofi. Alimpinga, akamsahihisha, akamtumia orodha za mimea ya visiwa vya mbali, na wakaendelea hivyo kwa miaka 15 kabla ya kitabu cha Darwin kuhusu asili ya viumbe kutoka mwaka 1859. Kati yao wawili tu zimebaki barua zipatazo 1,400. Posta yenyewe ilisaidia: tangu Januari 1840 barua ndani ya Uingereza ilisafiri kwa peni moja, iwe inakwenda kijiji cha pili au mwisho wa nchi. Sayansi ya karne ile ilijengwa kwa stempu kama ilivyojengwa kwa darubini.

Kisha ikaja barua ya 1858. Alfred Russel Wallace, akiwa Ternate katika visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, alimtumia Darwin maelezo ya wazo lile lile. Tarehe 1 Julai mwaka huo maandishi ya wote wawili yakasomwa mbele ya Jumuiya ya Linnaeus, chama cha wanasayansi cha London. Ikiwa wazo linaweza kuota katika vichwa viwili vilivyotenganishwa na bahari, basi udongo wake ulikuwa umeandaliwa na wengi. Wallace naye hakuwa peke yake: ndege wake wengi walikusanywa na kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali.

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya mazungumzo hayo. John Kirk, daktari na mpenda mimea, alifika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza hadi 1886. Katika miaka hiyo alikuwa akimwandikia Hooker, aliyeongoza bustani ya mimea ya Kew, na kumpelekea mimea na mbegu. Jambo moja lililowashughulisha wataalamu wa London ni sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika pwani ya Mrima na kuuzwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Je, ulitoka kwenye mti gani, na mti huo bado upo? Kirk alionyesha kwamba sandarusi ya kuchimbwa na utomvu unaotiririka leo ni vya mti ule ule. Kazi nzuri. Ila wachimbaji na wachuuzi wa pwani tangu zamani walikuwa na majina mawili: sandarusi iliyokomaa ardhini, na chakazi, ile mbichi. Waingereza walilichukua neno chakazi, wakalipotosha likawa kama jina la punda katika lugha yao, na likabaki hivyo kwenye vitabu vya biashara. Neno lilisafiri hadi London. Wenye neno hawakutajwa.

Thomson naye hakuja Elgon kwa ramani yake. Sehemu ya safari yake alikwenda na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za Umasaini. Mimea aliyokusanya iliorodheshwa na Daniel Oliver wa Kew mwaka 1885, na Hooker akaongeza maoni yake kuhusu udugu wa mimea ya milima yetu na ile ya Uhabeshi. Nyuma ya kila jani lililobandikwa kwenye karatasi ya Kew kuna mpagazi aliyelibeba.

Atasimama mtu aseme: maelfu walifuga njiwa, lakini aliyeandika kitabu ni Darwin. Ni kweli, na hakuna anayemnyang'anya. Kupanga majibu ya watu 2,000 yakatoa maana moja ni kipaji adimu. Hata hivyo kipaji hicho ni cha kuuliza vizuri, kusikiliza, kupima jibu na kukubali kusahihishwa. Kinafundishika darasani. Ubongo wa ajabu haufundishiki, na ndiyo maana hadithi yake inawavunja moyo wanafunzi.

Wala mtandao ule haukuwa wa haki. Kirk aliandika akiwa na manowari za dola yake bandarini. Aliyeuliza alipewa jina, aliyejibu akaitwa "mwenyeji". Kwa hiyo inafaa kumkumbuka Christian Gaika wa Afrika Kusini, nduguye chifu Sandile wa Waxhosa. Mwaka 1867 Darwin alisambaza maswali duniani kuhusu jinsi uso wa binadamu unavyoonyesha hasira, aibu na huzuni. Gaika aliyajibu kwa mkono wake mwenyewe, na katika kitabu cha 1872 Darwin alimtaja kwa jina. Iliwezekana, basi. Kuwaacha wengine bila majina kulikuwa uamuzi.

Kitale yenyewe ni ushahidi kwamba ugunduzi ni kazi ya wengi. Uzalishaji wa mbegu bora za mahindi ulianza katika kituo cha utafiti cha hapo mwaka 1955, chini ya Michael Harrison. Mwaka 1964 ikatoka mbegu ya H611, ambayo mkulima yeyote mzee wa Kiminini au Kimilili anaikumbuka. Mzazi wake mmoja alitokana na mahindi meupe ambayo wakulima wa nyanda za juu za Kenya walikuwa wameyachagua msimu baada ya msimu. Wa pili, Ecuador 573, alitokana na mahindi ya wakulima wa milima ya Ecuador. Harrison alistahili sifa, nao wakulima wa pande mbili za dunia walistahili kutajwa.

Na viwavijeshi vamizi walipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, mkulima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mdudu huyu si yule aliyemzoea. Wengine walijaribu kutia majivu au udongo kwenye moyo wa mhindi, wakatazama kama anakufa. Huko ni kuuliza na kupima, kazi ile ile iliyojaza mabuku 30 ya Darwin. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika nani alijaribu nini, wapi, na ikawaje.

Mwalimu wa sayansi wa Bungoma atakayewapakia wanafunzi wake basi kwenda Makumbusho ya Kitale muhula huu awape kila mmoja kalamu na maswali mawili ya kuuliza mbele ya kila kabati: aliyekusanya hiki alimwuliza nani, na aliyemjibu anaitwa nani? Wakikosa jina la pili, wawaandikie wasimamizi barua kuliomba.