Picha Ing'ae, Mtoto Asipauke



Siku ya picha za darasa inakaribia, na wengi mmeomba mwaka huu tupige picha za ule mtindo wa sasa: ukuta mweupe, mwanga mwingi, kila kitu safi kama kimetoka kufuliwa. Ni mtindo mzuri na mimi naupenda. Sisi tunaoishi Longbridge, ambako mwezi Desemba jua linazama mnamo saa kumi jioni, nani asiyetaka picha yenye nuru? Lakini nina ombi moja: tuiangaze picha, tusimbadilishe mtoto rangi.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha tofauti hiyo. Tuna neno kung'aa na tuna neno kupauka. Mama akikuona asubuhi ngozi imekauka, ina weupeweupe kama vumbi, anakuambia, "Umepauka, nenda kapake mafuta." Hakusifii. Ukishapaka, mwanga unacheza mashavuni, naye anasema, "Haya, sasa unang'aa." Mtoto ni yule yule na rangi yake ni ile ile. Kwa hiyo picha iliyozidishwa mwanga mpaka mtoto mweusi ti, au wa maji ya kunde, akafanana na chai iliyozidi maziwa, haijang'aa. Imepauka.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu, hiyo ni picha tu." Mimi nimemsikia mtoto wa miaka tisa akimwambia mwenzake mwenye simu, "Weka filta, nataka nitoke mweupe." Mtoto huyo hakuzaliwa na wazo hilo. Amelipata kwenye picha tunazozisifu sisi wakubwa, na zile tunazozifuta tukisema, "Hii umetoka mweusi sana." Maneno hayo mtoto anayaweka moyoni.

Tena kosa si la ngozi, ni la vifaa na wanaovitengeneza. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka: meno na macho tu. Wafanyakazi wa zamani wa Kodak wameeleza kwamba waliosukuma filamu iboreshwe kwa rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Google nayo ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021, ilitangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ionyeshe vizuri ngozi nyeusi. Ni juzi tu hapo.

Kazini kwangu wodini jambo hili si la urembo. Kile kipimo cha oksijeni tunachokibana kidoleni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kiliweza kusoma oksijeni iko vizuri wakati imeshuka, na kwamba hilo liliwatokea karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Hapa Uingereza, ripoti ya uchunguzi kuhusu usawa wa vifaa vya tiba ilitoka Machi 2024 nayo ikalisema hilo. Kwa hiyo mtoto wetu ajue mapema: kifaa kikishindwa kukuona vizuri, kirekebishwe kifaa. Usijirekebishe wewe.

Na inawezekana. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa alikuwepo Parekh, Lamu alikuwepo Omar Said Bakor. Hawakuwa na filta wala simu, na picha zao zinaonyesha watu wa rangi zote za pwani, kila mtu na uso wake. Waulizeni babu na bibi kama wana picha za studio za zamani. Ziangalieni vizuri taa ilitoka upande gani.

Sasa tufanyeje? Kwanza mjue kamera inavyofikiri. Yenyewe hudhani kila inachokiona, ukichanganya, kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukimweka mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa giza. Kwenye simu, gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo. Kidogo tu: mashavu na paji la uso yakianza kupoteza rangi, rudi nyuma.

Pili, msimamishe mtoto karibu na dirisha kubwa, hatua moja au mbili, aligeukie kwa pembeni. Jua likiwa kali, teremsha pazia jepesi jeupe. Upande wa pili, mwenzake ashike shuka nyeupe ili mwanga urudi usoni. Zima taa ya dari, maana huleta umanjano, na usitumie flashi ya simu. Ukuta uwe mita moja na nusu au zaidi nyuma yake. Mawingu yetu ya Birmingham tunayoyalalamikia kila siku ni taa nzuri kabisa, kwa sababu yanatawanya mwanga.

Wenye kamera kubwa waanze na tundu la lenzi f/2.8 au f/4, kasi ya 1/200 kwa kuwa watoto hawatulii, na ISO 400, kisha wapandishe ISO kama chumba kina giza. Wapime mwanga usoni, si ukutani.

Mwisho, pakeni mafuta. Ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa jinsi inavyorudisha mwanga, na mafuta kidogo ya nazi yanafanya kazi kuliko filta yoyote.

Napendekeza siku hiyo filta zote za kulainisha na kung'arisha ngozi zizimwe, kwa walimu, wazazi na wanafunzi. Picha zikitoka, kila mtoto aandike chini yake sentensi moja ya Kiswahili kuhusu rangi yake: mweusi ti, maji ya kunde, mweupe, yoyote aliyopewa na Mungu. Na sisi wazazi tukiziona, neno la kwanza liwe, "Umependeza."