Ghuba na Jina Lake

Mto Grumeti unaopita katika hifadhi yetu ya Serengeti humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Watoto wetu hulisoma jina hilo katika ramani za shule, na ni haki yao kuuliza: huyo Speke ni nani?

John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza la India, alilifikia ziwa hapo Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Hakusafiri juu ya maji yake. Hata hivyo alilipa ziwa zima jina la malkia wake. Visiwa akaviita vya Bengal, na mkono wa maji wa Mwanza akaupa jina la Jordans, nyumba ya wazee wake huko Somerset. Ghuba kuitwa kwa jina lake ni kazi ya Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875 kwa mashua iliyoitwa Lady Alice.

Lakini habari za ziwa hilo Speke na mwenzake Burton walikwisha kuzipata Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa mfanyabiashara Snay bin Amir. Wasafiri wa misafara waliliita Bahari ya Ukerewe. Wajaluo wana Lolwe, Waganda wana Nalubaale. Na tangu 1154 al-Idrisi alikwisha kuchora ramani inayoonyesha Nile ikitoka katika maziwa.

Huko Antaktika, penye barafu tupu, mambo ni mengine. Kisiwa kimoja Waingereza hukiita King George, Waargentina 25 de Mayo, Warusi Waterloo. Wabishane wapendavyo, maana hakuna mwenyeji aliyenyang'anywa. Kwetu watu walikuwa wakivua samaki.

Ajabu ni kwamba Bengal na Jordans yamekufa, Speke likabaki. Wachapaji wa ramani waliendelea kulinakili, basi. Jina lisiloandikwa halina mtetezi mbele ya lililoandikwa. Mwaka 2022, katika Operesheni Anwani za Makazi, njia za nchi nzima zilitafutiwa majina, na kwa maoni yangu wazee walipaswa kuulizwa kwanza.

Hapa Nyansurura vijito, vilima na malisho vina majina ambayo bibi zetu wanayajua na ramani haiyajui. Wazazi, waulizeni pamoja na watoto, mwandike jina na sababu yake. Daftari litakuwa kwangu kila Ijumaa baada ya sala.