Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI: Habari za mafunzo na michezo zitufikie kabla ya tarehe kupita

Ndugu Katibu Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini, upande wa magharibi mwa nchi, mahali ambapo basi la kwenda makao makuu ya wilaya hupita mara moja tu kwa siku, alfajiri. Nakuandikia wewe kwa sababu shule zetu za serikali, za msingi na za sekondari, zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri zote 184 za Tanzania Bara ziko chini ya ofisi yako. Taarifa za mafunzo ya walimu na za shughuli za wanafunzi zinatufikia muda ukiwa umekwisha, na nyingine hazitufikii kabisa. Naomba ofisi yako iagize ziwe za wazi, ziwe na tarehe, na zifike kila shule.

Unaijua njia inayopita barua kuliko mimi. Ikitoka Dodoma huenda mkoani, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikapelekwa kwa Afisa Elimu, ikaenda kwa Afisa Elimu Kata, ndipo imfikie mwalimu mkuu. Kila ngazi ina faili na dokezo lake. Sisi wa mwisho tunaipata ikiwa picha iliyopigwa kwa simu na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu, usiku, ikidai majina mawili yawe yamefika kesho saa nne asubuhi. Mwenye mtandao anajibu papo hapo. Mwenye shule iliyo bondeni, ambaye akitaka kusoma ujumbe hupanda mlima au hutembea hadi barabara kuu, anaiona keshokutwa. Nafasi zimeshajazwa na shule za karibu na mjini. Simtuhumu mtu kwa nia mbaya. Afisa aliyebanwa na tarehe humpigia yule anayepatikana, na anayepatikana ni yule yule wa mwaka jana na wa mwaka juzi.

Hivyo tuna walimu katika kata moja ambao wameitwa kwenye semina ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), wakaitwa ya elimu jumuishi, wakaitwa ya mtaala mpya, na tuna wengine wenye miaka mingi kazini ambao tangu watoke chuoni hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mafunzo. Watoto wa hawa wa pili wanafanya mtihani ule ule wa taifa.

Jambo hili lilikuwa baya siku zote, lakini tangu Januari 2024 limekuwa la hatari. Mtaala ulioboreshwa ulianza mwezi huo kwa madarasa ya awali, la kwanza na la tatu, pamoja na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Kiingereza sasa ni somo tangu darasa la kwanza. Kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Kuna Sanaa na Michezo kama somo lenye vipindi kwenye ratiba. Mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 wote wataingia kidato cha kwanza. Mwalimu aliyepata cheti chake cha Daraja A miaka ya tisini anatakiwa kuyabeba haya yote, na wengi wanayabeba kwa moyo. Moyo peke yake haumfundishi mtu namna ya kumsaidia mtoto wa miaka sita anayesikia Kisukuma au Kinyamwezi nyumbani, Kiswahili shuleni, na sasa Kiingereza ubaoni.

Niseme wazi kwamba serikali ilishapata jibu zuri, nalo ni MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Sijaona mpango wa mafunzo kazini uliofikiriwa vizuri kuliko huu. Badala ya kumtoa mwalimu darasani kumpeleka mjini, mafunzo yanakuja shuleni: walimu wanakaa kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji, wanachagua mada inayowashinda, wanaisoma, wanaifundisha wakiangaliwa na wenzao, kisha wanajadili kilichotokea. Shuleni kwetu tulianza na sehemu katika Hisabati. Mtoto akipewa nusu jumlisha theluthi, anaandika mbili ya tano. Miaka yote tuliweka mkasi mwekundu juu ya jibu hilo tukaendelea na swali linalofuata. Safari hii tulikaa, sote, hadi wa darasa la kwanza, tukajiuliza mtoto anafikiri nini anapoandika vile. Anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kwa sababu tulimfundisha namba nzima kwa miaka mitatu na hatukumwambia kwamba namba ya chini haihesabiwi, inataja ukubwa wa kipande. Mwenzetu wa darasa la nne alichukua karatasi mbili za daftari zilizo sawa, akakunja moja katika vipande viwili sawa na nyingine katika vitatu sawa, akauliza: vipande hivi viwili vinatoshana? Havitoshani. Basi mnavihesabuje pamoja? Akarudia kukunja mpaka karatasi zote mbili zikawa na vipande sita sita, vitatu huku na viwili huku, na tano ya sita ikaonekana kwa macho. Wiki iliyofuata alilifundisha somo hilo huku wawili wetu tumekaa nyuma ya darasa. Semina nyingi nilizosikia habari zake hazijamfikishia mtoto hata nusu ya kile kilichofika siku ile.

Sasa, shule ya jirani, kijiji cha pili kutoka kwetu, inahangaika na mada hiyo hiyo. Hawajui tulichofanya. Sisi hatujui kwamba wao wana mwalimu anayefundisha kusoma kwa sauti za herufi vizuri mpaka watoto wa darasa la kwanza wanamaliza muhula wa kwanza wakisoma sentensi. Hakuna chombo cha kututaarifu. Kituo cha Walimu ambacho zamani kilikuwa na vitabu, ubao wa matangazo na mratibu wake, leo katika eneo letu ni stoo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 tulikabidhiwa, tunashukuru, na moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania zinapatikana mtandaoni. Lakini bando ananunua mwalimu, na mtandao uko mlimani. Na pale halmashauri inapopanga kikao cha MEWAKA cha kata, habari inakuja kwa njia ile ile niliyoieleza, na mwisho ule ule.

Wazee wetu wa kazi wanakumbuka kipindi cha Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakuwepo. Nchi ikawafundisha vijana waliomaliza darasa la saba wakiwa huko huko vijijini: wanafundisha saa chache, wanafundishwa saa chache, na redio inaleta masomo. Walimu wale walisemwa sana, na baadhi ya yaliyosemwa yalikuwa kweli. Lakini kipindi cha redio kilikuwa na siku yake na saa yake, na aliyekuwa pembezoni alikipata dakika ile ile aliyokipata wa mjini. Nchi iliyokuwa maskini kuliko leo iliweza kufanya hivyo kwa mawimbi ya redio.

Nije kwa wanafunzi, maana nao wanaumia kwa ugonjwa huo huo.

Mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yanafahamika. Yanaanzia shuleni, yanapanda kata, wilaya, mkoa, na ya kitaifa hufanyika katikati ya mwaka. Mtwara, Tabora na Iringa zimewahi kuyapokea. Hakuna mtu wa elimu asiyejua kwamba msimu unakuja. Hata hivyo ratiba ya wilaya hutoka zikiwa zimebaki siku za kuhesabika. Shule iliyo mbali inaanza kutafuta nauli ya watoto na chakula chao ndani ya wiki moja, inashindwa, na timu ya wilaya inaundwa na watoto wa shule zinazoweza kufika uwanjani kwa miguu. Tunaiita timu ya wilaya, na mkoani inapokelewa hivyo, ilhali nusu ya kata hazikuonekana uwanjani.

Wanaosahaulika zaidi ni watoto wenye ulemavu. Michezo hii ina goalball kwa wasioona na mpira wa miguu kwa viziwi, na ni jambo la kujivunia. Mzazi wa mtoto asiyeona katika kijiji chetu hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna mchezo wa aina hiyo, sembuse kwamba mtoto wake anaweza kuusafiria. Hata sisi walimu wengi hatujui sheria zake. Hapa ndipo mafunzo ya mwalimu na shughuli za mwanafunzi yanapokutana: Sanaa na Michezo imekuwa somo, na anayelifundisha ni mwalimu aliyekuwa na vipindi vichache kwenye ratiba, hajaonyeshwa namna ya kumpasha mtoto viungo joto kabla ya kukimbia, namna ya kupima uwanja wa netiboli, wala namna ya kufundisha ngoma ya eneo lake bila kuigeuza kuwa maigizo ya kumfurahisha mgeni rasmi. Kwenye sekondari ya kata yetu hali haina tofauti. Mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC hutangazwa kila mwaka. Vijana wenye kalamu nzuri huambiwa tarehe ya mwisho imeshapita.

Najua nitajibiwa kwamba tatizo ni fedha. Fedha ni tatizo, na nitalisema nilijualo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kiwango hicho kilitoka kwenye MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, wakati kilipokaribia dola 10 za Marekani. Leo ni kama dola 4. Kati yake, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huja shuleni. Shule yenye watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, na michezo. Kiwango hicho kinahitaji kupandishwa, na ninaliomba hilo pia. Lakini ndiyo maana hasa taarifa ya mapema ina thamani. Kamati ya shule ikijua mwezi Januari kwamba mashindano ya kata ni wiki fulani ya Aprili, itatenga kidogo kidogo, wazazi watachanga mahindi wakati wa mavuno, na mwenye pikipiki ataombwa mapema. Kamati hiyo hiyo ikiambiwa Jumatano kwa ajili ya Jumamosi haina la kufanya. Kutangaza mapema kunahitaji karatasi na uamuzi.

Vilevile najua kwamba mafunzo mengi hutegemea miradi, na fedha za miradi huchelewa kushuka. Basi halmashauri itangaze na hayo, iandike pembeni kwamba yanasubiri fedha. Mwalimu mkuu hatakasirika kusoma kwamba mafunzo yameahirishwa. Anavunjika moyo kusikia kwamba yalifanyika.

Ninachoomba, Ndugu Katibu Mkuu, ni waraka mmoja. Kila halmashauri itoe kalenda ya mwaka kabla shule hazijafunguliwa Januari, ikionyesha mafunzo yanayotarajiwa, nani anayaendesha, ni ya walimu wa somo gani, kila kata ina nafasi ngapi, na nani analipa nauli. Ionyeshe pia tarehe za michezo, za mashindano ya kitaaluma na za sanaa kwa ngazi zote. Kalenda ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule na kila ofisi ya kijiji. Wakati wa MMEM shule ziliagizwa kubandika hadharani fedha zilizopokelewa, na wazazi wakajifunza kusoma ubao ule. Nafasi za mafunzo na michezo nazo ni mali ya umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo, kwa hiyo hatuombi upendeleo. Mabadiliko ya tarehe yatumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, unaofika hata kwenye simu ya kitochi, na Afisa Elimu Kata, ambaye tangu 2016 analipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, awajibike kuthibitisha kwamba kila shule yake imepata. Majina ya waliohudhuria nayo yabandikwe. Na kila aliyehudhuria arudi kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji, ya shule yake na ya shule moja ya jirani, awafundishe wenzake alichofundishwa.

Hilo la majina nalisisitiza. Likionekana jina lile lile mara tatu kwa mwaka, hakuna haja ya mtu kulalamika wala kuogopa kulalamika. Ubao utakuwa umeuliza swali, na Afisa Elimu atatakiwa kulijibu mbele ya Baraza la Madiwani.

Vikao vya bajeti za halmashauri vinakaribia. Waraka ukitoka kabla ya vikao hivyo, wakurugenzi wataweza kutenga kutoka mapato ya ndani nauli ya walimu wa kata za mbali na usafiri wa timu za wanafunzi, na kalenda ya kwanza itabandikwa Januari. Tukiipata, sisi wa mwisho wa barabara tutaleta majina kwa wakati.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi, Kanda ya Magharibi