Vilabu vya zamani Mpanda: Tulipoteza zaidi ya pombe

MSOMAJI wetu uliyewahi kusafiri kwa treni kutoka Tabora hadi Mpanda katika miaka ya 1980 na 1990, hapana shaka unakumbuka jinsi safari ile ilivyokuwa ikimalizika. Treni ilifika imechelewa, abiria wakateremsha magunia, madumu na kuku wao, na kabla hata ya kutafuta mahali pa kulala, wengi walielekea kwanza kilabuni.

Hawakwenda huko kwa sababu ya kiu peke yake. Mchuuzi aliyetoka Tabora alikwenda kujua mahindi yanauzwaje wiki hiyo, nani ana karanga na lori la nani linakwenda Sumbawanga. Mkulima aliyetoka Kakese au Mwamkulu alikwenda kujua kama yule mnunuzi wa mpunga aliyeahidi kurudi amerudi kweli, au ndiyo kaishia.

Leo vilabu vile vingi havipo tena. Wazee wakikutana mtaani hutajiana majina ya akina mama waliouza pombe humo, wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akaenda zake. Sisi tunaamini kwamba ndani ya kumbukumbu hizo kuna somo la biashara, na ndiyo sababu tumezipa nafasi katika ukurasa huu wa wakulima na wafanyabiashara wadogo.

Mji wa Mpanda ni mtoto wa mgodi na reli. Reli inayotoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Waliokuja kufanya kazi walitoka sehemu mbalimbali, wengi bila familia zao, na mji wa namna hiyo haukosi mahali pa kukaa na kunywa jioni.

Uchimbaji huo uliposimama, mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ilibaki na mkulima akachukua nafasi ya mchimbaji. Tumbaku, mahindi, mpunga, karanga, asali na nta vikawa ndiyo mzigo wa mabehewa. Vilabu navyo vikabadilisha wateja, lakini havikufungwa.

Hata majina ya mji yanatoa ushahidi. Mpaka leo Manispaa ya Mpanda ina kata inayoitwa Mpanda Hotel. Mji ambao kata yake nzima imechukua jina la hoteli hauwezi kudai kwamba nyumba za kupokea wageni hazina sehemu katika historia yake.

Aidha, kilabu kilikuwa mahali pa watu wa makabila na asili tofauti kuzoeana. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe walikuwa wenyeji, wenye asali yao na wanzuki yao. Wafipa walikuja kutoka kusini na ujuzi wao wa pombe ya ulezi. Wasukuma walifuata na ng'ombe wao. Baada ya mwaka 1972 wakaja Warundi waliokimbia mauaji nchini kwao, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, nao wakaja na ujuzi wa pombe ya ndizi. Katika benchi moja uliweza kuwakuta wote, kila mtu na kata yake mkononi, wakibishana bei ya jembe.

Serikali ilipowapa uraia Warundi hao wa mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, vyeti vikatolewa kuanzia mwaka 2014, wengi wao walikuwa wameshafanya biashara na wenyeji kwa miaka 40. Sehemu ya kuaminiana huko ilijengwa sokoni na vilabuni, siyo katika ofisi.

Tukumbuke pia miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nchi nzima ilipokuwa na uhaba wa sabuni, sukari, nguo na hata bia. Bia ya chupa ilikuwa ya kusaka, na aliyeipata alikuwa na mtu wake anayemjua. Kilabu cha pombe ya kienyeji hakikupata shida hiyo, kwa kuwa malighafi yake ilitoka shambani na kiwanda chake kilikuwa uani kwa mama.

Hapa ndipo penye hoja ya kwanza ya kiuchumi. Debe la mahindi likiuzwa kama lilivyo, mkulima hupata bei ya debe basi. Mama aliyelinunua aliligeuza. Sehemu aliiloweka mpaka ikaota, akaianika ikawa kimea, akaipeleka mashineni. Nyingine aliisaga akaipika, akasubiri siku kadhaa ichachuke. Mwenye mashine alipata, mwuza kuni alipata, mchota maji alipata, na machicha yaliyobaki yakalisha nguruwe na kuku.

Kwa maneno mengine, kile ambacho leo kwenye semina kinaitwa kuongeza thamani ya mazao, akina mama wa Mpanda walikuwa wakikifanya siku nyingi, bila semina. Wapo watu wazima katika mkoa huu waliolipiwa karo, wakanunuliwa sare na viatu vya shule, kwa fedha ya pombe. Baadhi yao hivi sasa ni watumishi wa umma, na hawana haja ya kuona aibu kulisema hilo.

Hoja ya pili ni habari. Kilabu kilikuwa soko la habari. Mnunuzi alipotangaza bei ya mpunga, watu arobaini waliisikia kwa wakati mmoja. Aliyemlazimisha mkulima kujaza lumbesa alijulikana jioni ile ile, na kesho yake akikaa hakuna aliyesogea karibu naye. Waliopatana kuuziana ng'ombe walipatana mbele ya mashahidi. Atakayegeuka, atageuka mbele ya nani?

Hoja ya tatu ni mikopo. Benki zilikuwa mbali na masharti yake yalikuwa mazito. Kilabuni mchuuzi mdogo aliweza kupewa mzigo kwa mali kauli, akauze kwanza ndipo alipe, kwa sababu aliyempa alimwona pale kila jioni na alimjua baba yake. Mama mwenye kilabu alikuwa na daftari la madeni, na mara nyingine alitunziwa fedha na wakulima walioogopa kutembea nazo usiku. Daftari lile lilijua hali ya msimu kabla ya afisa yeyote.

Mambo haya si ya Mpanda peke yake. Tabora, mwisho wa pili wa safari ile ya treni, ilitoa bendi kama Kiko Kids na Tabora Jazz kwa sababu kulikuwa na kumbi za kupigia na watu wa kuzijaza. Dar es Salaam, Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 ilichukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Nchini Uingereza, ambako baa nyingi za vijijini zimefungwa, sheria ya mwaka 2011 inawapa wakazi nafasi ya kuiorodhesha baa yao kuwa mali yenye manufaa kwa jamii, na ikitaka kuuzwa wapewe muda wa kutafuta fedha za kuinunua wao wenyewe. Wenzetu wameona kwamba kinachopotea ni zaidi ya glasi.

Je, vilabu vyetu viliuawa na nini? Sababu ni nyingi. Baada ya kiwanda cha bia cha taifa kupata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, bia ya chupa ilijaa mpaka miji midogo na vijana wakaiona pombe ya kienyeji kuwa ya wazee. Vikaja viroba, pombe kali ya bei ya chini ambayo mtu aliinywa akitembea, hana haja ya benchi wala ya mwenzake. Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, vilabu vingi vilikuwa vimeshakosa wateja.

Zikaja simu, na huduma ya M-Pesa mwaka 2008, mtu akaweza kuuliza bei na kupokea fedha akiwa nyumbani. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu, na kiwanja cha katikati ya mji kikawa na thamani ambayo banda la pombe haliwezi kuilipa. Barabara za lami nazo zikafupisha safari. Lori linapita, linapakia, linaondoka, na dereva hana sababu ya kulala.

Hatusemi kwamba maendeleo hayo ni mabaya. Hakuna mkulima anayetaka kurudi kwenye safari za matope au kwenye miaka ya kutokuwa na simu. Lakini lazima tuone kilichobadilika. Simu humwambia bei mtu mmoja, tena mara nyingi anayemwambia ni dalali mwenyewe anayetaka kununua. Mkulima wa leo anakubali bei akiwa peke yake shambani, na akiibiwa, anaibiwa peke yake.

Hata hivyo, ukurasa huu hautakuwa mkweli kama utapamba mambo. Vilabu vile vilikuwa na ubaya wake, na wapo wasomaji wetu, hasa akina mama, ambao hawavikumbuki kwa kicheko. Malipo ya tumbaku yalipotoka, wapo wanaume waliokaa kilabuni siku tatu, na fedha ya msimu mzima ikaishia hapo. Mke aliyepalilia, aliyechuma majani na kukesha kwenye bani akapewa kanga moja na maneno mengi.

Ilikuwepo pia gongo, iliyokatazwa tangu sheria ya mwaka 1966, ikauzwa uchochoroni na kuua watu. Kulikuwa na ugomvi wa visu. Na katika miaka ya njaa mahindi yaliingia kwenye pipa la pombe wakati watoto wanalala na uji mwepesi, ndiyo maana serikali za mitaa zimekuwa zikizuia nafaka kupikiwa pombe chakula kinapopungua. Katazo hilo tunaliunga mkono.

Isitoshe, kilabu kiliwaacha wengi nje. Muislamu mwenye kushika dini yake, mlokole, na mwanamke aliyechelea jina lake kuchafuliwa, wote hao walikosa habari za soko kwa sababu hawakunywa. Hilo halikuwa haki hata katika siku zile nzuri.

Kwa hiyo hatuombi vilabu vya zamani virudishwe kama vilivyokuwa. Tunachosema ni kwamba kazi vilivyokuwa vikiifanya bado ipo, na hakuna aliyekabidhiwa kuifanya.

Kwanza, tunatoa rai kwa halmashauri za Mkoa wa Katavi zitenge eneo karibu na masoko na minada, lenye maji safi, vyoo na kivuli, ambamo akina mama watauza pombe halali ya kienyeji kwa leseni na kwa saa zilizowekwa, kama Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inavyotaka. Ushuru halmashauri inaupokea. Basi na huduma itolewe. Ukimfukuza mama huyu kila anapokaa, hutamaliza pombe, bali utaisukuma uchochoroni iliko gongo.

Pili, pembeni ya eneo hilo pawe na sehemu ya kahawa, chai na togwa, ili asiyekunywa naye apate mahali pa kukaa na kusikia.

Tatu, vyama vya msingi vya ushirika na maofisa biashara wabandike hapo, kila siku ya mnada, bei za mazao makuu katika masoko ya Mpanda, Tabora na Sumbawanga, pamoja na bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wakati unaponunua. Karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu nene inatosha. Na mizani iliyokaguliwa iwepo hapo hapo, ili lumbesa ikose pa kujificha.

Nne, vikundi vya akina mama wanaotengeneza vinywaji vya asili wasisahauliwe katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ulezi, asali na ndizi ni mazao ya mkulima wetu, na anayeyanunua na kuyageuza bidhaa ni mfanyabiashara kama mwingine yeyote.

Tano, hili ni letu sisi wenyewe wakulima. Fedha ya tumbaku na ya mpunga ihesabiwe nyumbani kwanza, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, ya karo na ya pembejeo ikatengwa, ndipo mtu aende kuongea na wenzake. Wazee waliofanya hivyo walikuwepo hata zamani, na ndio hao ambao leo wana nyumba za bati na bado wanakumbuka vilabu kwa furaha.

Mchuuzi anayeshuka stendi ya Mpanda leo jioni na fedha yake ya kununulia karanga, akitaka kujua bei ya kweli na mtu wa kweli, aende wapi? Zamani hata mtoto angemwonyesha kwa kidole. Halmashauri zetu zinadaiwa jibu.